Mstari mmoja kwenye ld.so.conf.d: kashe ya laibrari inavyofanya kazi, na nani ana ruhusa ya kuigusa

Seva yenyewe ni ya mteja mmoja, inaendesha huduma ya Java, mimi nimeitwa tu niiangalie kabla hawajaihamisha, na kwenye /etc/ld.so.conf.d/ nikakuta faili linaitwa java.conf, ndani lina mstari mmoja:

/home/deploy/jdk-11/lib/jli

Basi. Hamna komenti, hamna tarehe, hamna jina la aliyeliweka, na waliokuwa wakiisimamia hiyo seva zamani walishaondoka. Nikauliza hili faili kazi yake nini, jibu likawa usiliguse, ukilitoa huduma haiwaki. Na ni kweli haiwaki. Ila mstari huohuo ulikuwa umempa yuza deploy, ambaye paswedi yake ilikuwa inajulikana na watu kama sita hivi, uwezo wa kuwa root, yule yuza mwenye mamlaka yote, kwenye mashine nzima, na kwenye ile timu hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua hilo. Siwalaumu. Hii sehemu ya mfumo wengi wetu tunaigusa kwa kukopi amri mbili mtandaoni, tunapiga sudo ldconfig (sudo inaendesha amri kwa nguvu za root), ikikubali tunasonga mbele. Kwa hiyo nataka niifungue yote taratibu, inafanyaje kazi, nani anaruhusiwa nini, na kitu gani kiandikwe ili anayekuja baada yako asije akakuta mstari bubu kama ule.

Tuanze na kwanini kuna kashe kabisa.

Programu nyingi kwenye Linux hazibebi kila kitu tumboni. ls, ssh, curl, python, zote zinatumia vipande vya pamoja vilivyokaa kwenye mafaili ya .so, ndo hizo laibrari za pamoja, ili kitu kama libc.so.6 kikae sehemu moja tu kwenye diski na kila programu ikitumie. Ukiiwasha programu, kerneli haiikabidhi kazi moja kwa moja, inamwita kwanza mtu wa kati anayeitwa loda, kwenye mashine za biti 64 za Intel na AMD faili lake ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Loda anasoma orodha ya laibrari ambazo programu inazitaka, anazitafuta zilipo, anazipandisha kwenye memori, alafu ndo programu inaanza. Shida ni kwamba ile orodha ina majina tu. Programu inasema nataka libz.so.1, haisemi iko wapi.

Sasa chukulia duka la spea za magari, lile lenye rafu mpaka darini. Kijana wa kaunta hazunguki rafu zote kila mteja akitaja spea, ana daftari, jina la spea na rafu iliyopo. /etc/ld.so.cache ndo lile daftari. Anayeliandika ni ldconfig. Loda yeye ni msomaji tu, haandiki humo hata herufi moja. Ukitaka kulisoma na wewe:

/sbin/ldconfig -p | grep libz

Itakuja kitu cha namna hii:

libz.so.1 (libc6,x86-64) => /lib/x86_64-linux-gnu/libz.so.1

Kushoto jina, katikati aina ya mashine, kulia njia kamili ya faili. Hii haihitaji sudo, yuza yeyote anasoma kashe, na lazima iwe hivo kwa sababu programu za kila yuza zinaisoma kila zinapowaka. Nimeandika /sbin/ldconfig kwa kirefu makusudi, kwenye Debian yuza wa kawaida hana /sbin kwenye PATH yake, ile orodha ya folda ambamo sheli inatafuta amri, anaambiwa command not found, na hapo ndo watu wengi wanaondoka na imani kwamba ldconfig ni ya root peke yake. Kusoma ni kwa wote, kuandika ndo kwa root. Faili lenyewe ni la baini, usilifungue na nano, ila ukipiga head -c 20 /etc/ld.so.cache kwenye distro za karibuni utaona glibc-ld.so.cache1.1, ndo alama ya muundo mpya ambao ldconfig inauandika bila kuambiwa tangu toleo 2.32 la glibc, ile laibrari kuu ya C ambayo loda na ldconfig wanakuja nayo.

Rafu zenyewe, yaani folda, ldconfig anazijuaje? Anasoma /etc/ld.so.conf. Kwenye Ubuntu na Debian ukilifungua hilo faili utakuta mstari mmoja tu, include /etc/ld.so.conf.d/*.conf, kwa hiyo kazi yote iko kwenye hiyo folda ya .d. Humo kuna libc.conf inayotaja /usr/local/lib, na x86_64-linux-gnu.conf inayotaja /lib/x86_64-linux-gnu na ndugu zake. Juu ya hizo ldconfig anaongeza mwenyewe /lib na /usr/lib, hizo huhitaji kumtajia. Upande wa Fedora na familia ya Red Hat /usr/local/lib haimo kwenye orodha ukiinstoli upya, na ndo maana mtu anakompaili kitu chake, make install, ldconfig, kwenye Ubuntu kinawaka, akihamia Rocky, ya familia hiyohiyo ya Red Hat, kitu kilekile kinalia hakioni laibrari, anaanza kudhani kompaila imeharibika.

Kitu ambacho watu hawakitilii maanani ni kwamba mpangilio una maana. Ile nyota kwenye *.conf inasoma mafaili kwa alfabeti, na folda iliyotangulia ndo inashinda kama jina la laibrari liko sehemu mbili. Libc.conf inakuja kabla ya x86_64-linux-gnu.conf, ndo maana ukiweka libssl yako kwenye /usr/local/lib mashine nzima inaihamia, siyo programu yako peke yake, mpaka curl na vingine vyote. Debian wenyewe faili lao la biti 32 wameliita zz_i386-biarch-compat.conf, ile zz siyo mapambo, wanataka likae mwisho wa foleni. Sasa rudi kwenye java.conf yetu. J iko kabla ya L na kabla ya X. Ile folda ya deploy ilikuwa inasomwa kabla ya folda za mfumo zote. Likalie akilini hilo, tutalirudia.

ldconfig ana kazi ya pili pia, anatengeneza linki. Laibrari moja huwa na majina matatu: faili lenyewe mfano libz.so.1.2.13, jina ambalo programu inalitafuta libz.so.1, na libz.so tupu ambalo ni la mtu anayekompaili. Lile la katikati limeandikwa ndani ya laibrari yenyewe na linaitwa SONAME, ldconfig akipita kwenye folda anasoma SONAME anaweka linki inayoelekea kwenye faili jipya zaidi. Anaangalia mafaili yenye majina ya lib*.so* na ld-*.so* tu, ukiita laibrari yako malipo.so bila lib mbele atakupita kama hakuoni.

Haya, sasa ruhusa, na hapa nataka tukae kidogo.

Jaribu kupiga ldconfig bila sudo. Utapata hii:

ldconfig: Can't create temporary cache file /etc/ld.so.cache~: Permission denied

Angalia lile jina, lina alama ya ~ mwishoni. ldconfig haandiki juu ya kashe ya zamani, anaandika faili jipya pembeni, analipa ruhusa 0644 (mwenye faili anaandika, wengine wanasoma tu), alafu analibadilisha jina kwa mkupuo mmoja liwe ld.so.cache. Sababu yake ni nzuri, kashe inasomwa kila sekunde na programu zinazowaka, ungeandika juu ya ileile basi kuna programu ingeikuta nusu. Lakini maana yake kwenye ruhusa ni kwamba anayeendesha ldconfig anahitaji kuandika kwenye folda ya /etc, siyo kwenye faili la kashe. Nimeshaona mtu anampa yuza chmod ya ld.so.cache ili asihitaji sudo, haikusaidia kitu, ikabaki tundu tu. Na kuna kashe ya pili ya pembeni, /var/cache/ldconfig/aux-cache, hiyo ni ya ldconfig mwenyewe ili asisome upya mafaili ambayo hayajabadilika, folda yake ni ya root peke yake na usihangaike nayo.

Mtego mwingine mdogo, sudo echo /opt/kitu/lib > /etc/ld.so.conf.d/kitu.conf haifanyi kazi, kwa sababu ile alama ya > inafanywa na sheli yako wewe kabla sudo hajaitwa. Tumia echo /opt/kitu/lib | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/kitu.conf. Na mwingine, ldconfig anapita kama root kwa hiyo anaona folda ambayo yuza wa kawaida haioni. Ukiinstoli laibrari ukiwa na umask 077, folda inatoka 0700, yaani mwenyewe tu ndo anaingia, ldconfig -p inaonyesha laibrari ipo kabisa, root akiwasha programu inawaka, yuza wa huduma akiiwasha inagoma. Hapo piga strace -e trace=openat uone, utakuta EACCES, yaani ruhusa imekataliwa, kwenye njia ileile iliyoandikwa kwenye daftari.

Tukija kwa loda, yeye hakimbilii kashe kwanza. Anaanza na RPATH, njia ya folda iliyochongwa ndani ya programu, kama hakuna RUNPATH, ambayo ni ndugu yake mpya zaidi, alafu LD_LIBRARY_PATH, orodha ya folda anayoiweka yuza mwenyewe kwenye sheli yake, alafu RUNPATH, alafu ndo kashe, na mwisho kabisa /lib na /usr/lib. Ukitaka kumwona akitafuta, LD_DEBUG=libs mbele ya programu yako, atamwaga kila hatua, find library, search cache, trying file, mimi hii ndo kitu ya kwanza naifanya kabla sijagusa faili lolote.

Sasa fikiria su au passwd. Hizo zina setuid, mtu wa kawaida anaziwasha lakini zinatembea na nguvu za root. Kama loda angeheshimu LD_LIBRARY_PATH ya mtu wa kawaida kwenye su, mtu angeandika laibrari yake ya uongo kwenye /tmp, anaitaja, anawasha su, kwisha habari, kodi yake inatembea kama root. Kwa hiyo kerneli inampa loda ishara, inaitwa AT_SECURE, inawaka pale yuza halisi na yuza wa kazi wanapotofautiana, au grupu, au faili la programu limepewa kapabiliti, yaani kipande kimoja cha nguvu za root, kwa setcap. Ishara ikiwaka, loda anatupa LD_LIBRARY_PATH, LD_PRELOAD, ile inayolazimisha laibrari ipandishwe kwanza, anaibana sana, na $ORIGIN, ile inayomaanisha "folda nilipo mimi programu", haiamini nje ya folda za mfumo.

Huo ulinzi umeshapigwa mara kadhaa, siyo nadharia. Mwaka 2010 mtafiti wa usalama Tavis Ormandy alionyesha jinsi $ORIGIN na LD_AUDIT, kigezo kingine cha loda, vinavyoweza kumpa mtu root, tundu hilo namba yake ni CVE-2010-3847. Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya Qualys wakatangaza CVE-2023-4911, ile ya Looney Tunables, loda alikuwa anafurika akisoma kigezo cha GLIBC_TUNABLES, na ikawapata Fedora, Ubuntu na Debian. Loda ndo wa kwanza kutembea ndani ya kila programu ya setuid, yeye akiteleza hakuna wa kumdaka.

Lakini angalia ni nini HAKITUPWI. Kashe. AT_SECURE ikiwaka loda bado anaisoma /etc/ld.so.cache na anaiamini asilimia mia, kwa sababu hesabu ni kwamba kashe imeandikwa na root, na root ameandika folda za root. Sehemu ya kwanza ya hiyo hesabu inalindwa na ruhusa za /etc. Sehemu ya pili hailindwi na kitu. ldconfig ya glibc haiangalii folda uliyomtajia ni ya nani wala nani anaweza kuandika humo. Umemwambia /home/deploy/jdk-11/lib/jli, anaenda, anaandika.

Ndo tunarudi kwenye ile Java, na sasa utaona kila kitu kilivyotokea. Mtu alitaka Java isikilize pota 443 bila kuwa root, wazo zuri kabisa. Akapiga setcap cap_net_bind_service=+ep kwenye faili la java. Kuanzia hapo java ikawa programu yenye kapabiliti, AT_SECURE ikawaka, $ORIGIN ikapuuzwa, na java ilikuwa inaitegemea $ORIGIN kuipata libjli.so. Ikaanza kulia:

error while loading shared libraries: libjli.so: cannot open shared object file: No such file or directory

Faili lipo palepale, unaliona kwa macho, na inakwambia halipo. Akajaribu LD_LIBRARY_PATH, ikapuuzwa nayo. Akatafuta mtandaoni, akaambiwa weka folda kwenye ld.so.conf.d upige ldconfig, ikawaka, akalala. Hakukosea kiufundi, hiyo ni dawa inayojulikana na inafanya kazi. Ila JDK, yaani folda nzima ya Java, ilikuwa imefunguliwa nyumbani kwa deploy.

Nikapiga namei -l kwenye ile njia, hii amri naipenda sana na watu wachache wanaitumia, inakuonyesha mwenye mali wa kila kipande cha njia:

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-xr-x deploy deploy deploy
drwxr-xr-x deploy deploy jdk-11
drwxr-xr-x deploy deploy lib
drwxr-xr-x deploy deploy jli

Deploy anaweza kuweka humo faili analiita libpam.so.0, jina la laibrari ambayo su inaitumia kuhakiki paswedi. Siku ldconfig ikipita, na java.conf inasomwa kwanza kama nilivyosema, jina libpam.so.0 kwenye daftari linaelekea nyumbani kwa deploy. Mtu yeyote akiandika su, kodi ya deploy inatembea kama root. Utasema lakini deploy hawezi kupiga ldconfig. Hana haja. Kwenye Debian na Ubuntu pakeji yenye laibrari ikiinstoliwa utaona mstari Processing triggers for libc-bin, hiyo ni ldconfig imepigwa na root kwa niaba yako. Seva ikiwa inajiapdeti yenyewe usiku, deploy anasubiri tu. Na kwa jina ambalo liko tayari kwenye daftari, libjli.so, hata kusubiri hakuna, anabadilisha faili kwenye rafu, daftari linabaki vilevile, kijana wa kaunta ataitoa spea iliyopo bila kuuliza.

Hata ingekuwa folda ya jli peke yake ni ya root na zile za juu zimebaki za deploy, bado haitoshi. Mwenye folda ya juu anaweza kuibadilisha jina lib iwe lib-zamani, anatengeneza lib yake mpya, na ile ya root imebaki pembeni haina kazi. Njia nzima lazima iwe ya root kutoka / mpaka mwisho, kipande kimoja tu kikiwa cha mtu mwingine basi yote ni ya huyo mtu.

FreeBSD hapa wamefanya vizuri zaidi na nawasifu kwa hilo. ldconfig yao ikikuta folda siyo ya root, au grupu ama watu wote wanaweza kuiandika, inatoa onyo na kuiruka, mpaka uilazimishe kwa -i. Debian nao kwa miaka mingi walikuwa na /usr/local ambayo grupu la staff linaandika humo, na /usr/local/lib iko kwenye orodha ya ldconfig, kwa hiyo kumwingiza mtu staff ilikuwa ni kumpa root kwa mlango wa pembeni. Sera yao ya sasa inasema kama faili /etc/staff-group-for-usr-local halipo, folda za /usr/local ziwe root:root 0755. Ukikuta seva ya zamani iliyopandishwa toleo hadi toleo, nenda ukaliangalie hilo faili, na uangalie staff kuna nani.

Kuna kosa lingine nalikuta sana, la sudoers, faili linalosema nani anaruhusiwa amri gani kwa sudo. Timu inataka skripti ya kudeploi iweze kupiga ldconfig, wanaandika NOPASSWD: /sbin/ldconfig, yaani bila kuulizwa paswedi, wanamaliza. Hiyo ni root kamili, maana ldconfig inapokea -f, faili la konfigi lolote unalotaka, na -C, iandike kashe popote unapotaka. Deploy anatengeneza /tmp/x.conf inayotaja /tmp/x, anapiga sudo ldconfig -f /tmp/x.conf, kashe ya mashine nzima sasa inaongozwa na /tmp. Kama ni lazima kabisa, andika hivi:

deploy ALL=(root) NOPASSWD: /sbin/ldconfig ""

Zile alama mbili za nukuu tupu maana yake ni amri hiyo bila hoja yoyote. Inaonekana kitu kidogo, na ndo kitu chenyewe.

Na wasio na root kabisa, wale wa chuo au wa seva ya kushea, wao ldconfig ya kashe haiwahusu na hawana sababu ya kuililia. ldconfig -n ~/lib itakutengenezea linki za SONAME kwenye folda yako bila kugusa kashe. Kujitengenezea kashe yako kwa -C inakubali lakini haina faida, loda hataisoma, njia ya /etc/ld.so.cache imeshonwa ndani yake. Kompaili na -Wl,-rpath,'$ORIGIN/../lib' au tumia LD_LIBRARY_PATH kwenye skripti inayowasha programu yako, siyo kwenye .bashrc ambako itachafua kila kitu unachowasha. Na ukishangaa kwanini sudo -E haipitishi LD_LIBRARY_PATH yako, ni kwa sababu sudo yenyewe ni setuid, loda ameifuta kabla sudo haijaanza hata kufikiria. sudo env LD_LIBRARY_PATH=... ndo inapita.

Sasa uandishi wenyewe wa maelezo. Mimi naamini mahali pa kuandika ni ndani ya faili la .conf lenyewe, siyo kwenye dokumenti iliyo kwenye draivu ya mtu aliyeacha kazi. Mstari unaoanza na # ni komenti, ldconfig anauruka. Kwa ile seva hatua ya kwanza niliihamisha JDK kwenda /opt, root:root njia nzima, alafu nikaandika:

# Kwa nini: java imewekewa cap_net_bind_service (pota 443), $ORIGIN haifanyi kazi
# Bila mstari huu: huduma inakosa libjli.so, haiwaki
# Ruhusa: /opt/jdk-11 yote root:root 0755, hakuna yuza wa huduma anayeandika humo
# Hakiki: namei -l /opt/jdk-11/lib/jli, ldconfig -p | grep jli
# Litoke lini: siku setcap itakapotolewa kwenye java
/opt/jdk-11/lib/jli

Mstari wa "kwa nini" unajua mwenyewe. Lakini ule wa "litoke lini" ndo ninaoupigania zaidi, bila huo hakuna anayethubutu kufuta kitu na folda inajaa mafaili ya watu waliosahaulika. Ule wa ruhusa nao usiandike tu "root", andika hali unayoitegemea, ili mtu akikuta deploy:deploy ajue kwamba kuna kitu kimeharibika, siyo kwamba ndo ilivyo. Andika pia ni mfumo gani, hasa kama ofisi yenu ina mchanganyiko, kwa sababu ldconfig -r kwenye FreeBSD inaonyesha orodha, kwenye Linux -r inataka folda ya kuichukulia kama mzizi wa mfumo, herufi ileile kazi mbili. FreeBSD daftari lao liko /var/run/ld-elf.so.hints na kwa sehemu kubwa linabeba folda, siyo kila laibrari. Alpine inatumia musl badala ya glibc, hiyo haina kashe kabisa, inasoma folda kwenye faili la /etc/ld-musl- na jina la mashine na .path, kwa hiyo maelezo ya Ubuntu ukiyapeleka kwenye kontena ya Alpine hayana maana. Solaris amri yake ni crle, na hiyo iogope, crle -l bila -u inafuta njia za kawaida na kuweka yako tu, mashine inabaki haiwashi chochote mpaka uikumbuke LD_NOCONFIG=yes.

Baadaye kidogo tuliifuta java.conf kabisa. Kwenye faili la huduma la systemd tuliweka AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE, tukapiga setcap -r kwenye java. Kapabiliti za namna hiyo, zilizokuja na Linux 4.3, haziwashi AT_SECURE, kwa hiyo $ORIGIN inarudi kufanya kazi, libjli.so inapatikana kwa njia yake ya asili na kashe ya mfumo haiguswi. Na ile komenti ndo ilinisaidia kumweleza meneja kwanini tunafuta kitu ambacho "ukikigusa huduma inakufa".

La mwisho, kabla hujagusa chochote humo, fungua terminali ya pili, uwe root, uiache wazi. Ukikosea ukaweka folda yenye laibrari mbovu mbele ya foleni, sudo itakufa, ssh mpya haitaingia, hata rm na cp zinaweza kugoma kwa sababu zote zinategemea daftari hilohilo. Lakini bash iliyo wazi tayari imeshapandisha laibrari zake, na ldconfig imetengenezwa ikibeba kila kitu tumboni mwake, haimhitaji loda, walifanya hivo kwa ajili ya siku kama hiyo (ila kwenye Ubuntu ambako kuna /sbin/ldconfig.real, piga hiyo, maana huko /sbin/ldconfig ni skripti ya sh na sh inamhitaji loda). Kwa hiyo kwenye ile terminali ya pili:

: > /etc/ld.so.conf.d/java.conf
/sbin/ldconfig

Ile nukta mbili ni ya bash yenyewe, haihitaji programu ya nje, inalifanya faili liwe tupu. Alafu ldconfig anaandika daftari upya, na ls inarudi.